Injinia na Mkono wa Mwanaamina

Ukitaka kujua unaumwa nini pale Rahaleo, huna haja ya kupanga foleni hospitali. Kaa barazani, nyoosha mahali panapouma, kohoa kidogo. Kabla chai yako haijapoa watu watakuwa wameshakutibu, na mmoja wao atakuwa anauliza utazikwa wapi.

Hivyo ndivyo ulivyotibiwa mkono wa Mwanaamina, mama Latifa, mpishi wa shughuli. Harusi yoyote ya maana, kuanzia Rahaleo mpaka Mikindani, haikupangiwa tarehe kabla mwenye harusi hajamwuliza yeye ana nafasi lini. Pilau yake ilikuwa haishikani, chapati zake zilikuwa zinachambuka zenyewe kama kitabu cha zamani. Nazi alikuna mwenyewe, unga alikanda mwenyewe. Wasichana wa kumsaidia aliwaachia masufuria ya kuosha tu, kwa kuwa aliamini mkono wa mtu mwingine unakata ladha. Imani hiyo ilimpa jina, kisha ikamla mkono.

Mumewe ni Ismaili. Wakati bomba la gesi linachimbiwa njia kule Madimba, Ismaili alipata kibarua cha kusimama barabarani na bendera mbili, nyekundu na kijani, ili magari yapishane na mitambo. Kibarua kilipokwisha akarudi nyumbani na koti la rangi ya chungwa, kofia ngumu, na elimu. Tangu hapo hakuna jambo duniani ambalo Ismaili hakulieleza kwa bomba, presha na valvu. Mtoto akiharisha, ni valvu. Korosho zikidoda ghalani, ni presha ya soko. Watu wakamwita Injinia. Wao walikuwa wanamcheka, yeye akawa anaitika.

Ganzi ya Mwanaamina ilianza kama mzaha. Akiamka asubuhi, gumba, kidole cha shahada na kile cha kati vinamchonyota kana kwamba amevilalia. Akiukung'uta mkono, vinaamka. Baada ya miezi vikawa haviamki upesi. Kwenye swala, akifika kwenye tahiyatu, ilibidi achungulie kama kidole kimenyooka, maana mwenyewe hakisikii. Kutunga uzi kwenye sindano kukamshinda. Vikombe vikaanza kumponyoka, na kila kikombe kilipovunjika Ismaili aliuliza swali lilelile:

"Mama Latifa, umekasirika?"

"Sijakasirika. Mkono wangu unakufa ganzi."

Siku aliposikia hivyo vizuri, Ismaili alivaa miwani, akaushika mkono wa mkewe, akaugeuza huku na huku kama mtu anayetaka kununua ndizi.

"Hii ni kuvuja," akasema. "Presha inatoka begani, ikifika hapa kwenye kifundo inavuja, vidoleni haifiki. Sasa bomba likivuja unalifanya nini?"

"Mimi nitajuaje, baba Latifa?"

"Unalikaza."

Akaenda uani, akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akamfunga mkewe kifundo cha mkono kwa nguvu zote alizojaliwa na Mola. Mwanaamina alivumilia mpaka vidole vikawa kama si vyake tena, vikachomwa kwa ndani kama vimechovywa kwenye pilipili. Akalalamika kwamba maumivu yamezidi.

"Vizuri," Injinia akasema. "Hiyo ni dalili kwamba presha inarudi."

Mpira ule ulikaa mkononi muda mrefu kuliko subira ya mtu mwenye akili. Ulipofunguliwa, hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na Ismaili akaeleza kwamba tatizo ni mpira, siku hizi wanaleta feki.

Ndipo akaingia wifi yake Zainabu, dada mkubwa wa Ismaili, kutoka Mikindani. Zainabu hakuwa mtu wa bomba. Yeye alikuwa mtu wa majina. Kila ugonjwa kwake ulikuwa na mtu aliyeutuma, na mara nyingi mtu huyo alikuwa yule ambaye Zainabu hajasalimiana naye kwa muda.

"Wifi," akasema, akikaa juu ya mkeka na kukunja miguu, "mkono huo umetupiwa. Wewe unadhani watu wanakula pilau yako kwa moyo mweupe? Kuna wapishi wenzako hapa mjini wanakula huku wanahesabu mikono yako."

"Basi wangenitupia yote miwili."

"Wanaanza na wa kulia. Ndio unaokoroga."

Mwanaamina alikuwa amechoka. Akafunga khanga, wakaenda Mpapura, ambako Zainabu alikuwa na mganga wake, mtu mmoja aitwaye Jafari, aliyevaa saa mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, zote zimesimama. Jafari akauchanja mkono chale mbilimbili kwa wembe, akabandika pembe, akafyonza hadi macho yakamtoka. Kisha akatema kiganjani mwake mwiba mrefu wa samaki.

"Huu hapa," akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali. "Umekaa mkononi mwako mwaka mzima."

Zainabu akapiga kigelegele. Mwanaamina akauchukua ule mwiba kwa mkono wake mzima, akausogeza kwenye mwanga, akaunusa.

"Bwana Jafari, huu ni mwiba wa changu."

"Ndiyo. Wanapenda kutumia changu."

"Na umekaangwa. Una manjano. Tena manjano yamezidi."

Jogoo akapita katikati yao. Jafari akazitazama saa zake zote mbili, kisha akajibu kwa upole:

"Wachawi wa siku hizi, mama, wanakaanga."

Njia nzima ya kurudi Zainabu alimlaumu wifi yake kwa kumkosea adabu mganga, na akasema kwamba kama dawa haitafanya kazi, kosa ni la pua. Dawa haikufanya kazi.

Kilichomtoa Mwanaamina kwenye mikono ya ukoo wake ni harusi moja ya Mikindani. Mjomba wa bwana harusi, Mzee Mustafa, alikuwa amekaa mbele kabisa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mwanaamina alitoka mwenyewe kumpakulia, kwa heshima. Akateka upawa umejaa mchuzi wa nyama. Mkono ukafika juu ya sahani salama. Hapo vidole vikaachia, bila taarifa, kama watu wasiofahamiana. Upawa ukatua kifuani pa Mzee Mustafa, mchuzi ukateremka taratibu mpaka mapajani.

"Astaghfirullah!" Mzee Mustafa akaruka. "Mpishi, mimi nimekukosea nini?"

Wakacheka wote ukumbini, kisha wakaacha kucheka wakaanza kunong'ona, na kunong'ona ndiko kulikomuuma. Wiki ileile harusi mbili zikahama kwa mpishi mwingine. Mwanaamina hakumwuliza mtu. Asubuhi alivaa baibui, akatoka kwenda hospitali. Ismaili alimkuta njia panda, amevaa koti lake la chungwa.

"Huwezi kwenda peke yako," akasema. "Utashindwa kuwaeleza."

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke, Dokta Rozalia, mwembamba, mwenye sauti ya chini na jicho lisilopepesa. Alimwuliza Mwanaamina vidole gani vinakufa ganzi. Ismaili akajibu. Akauliza imeanza lini. Ismaili akajibu. Akauliza kazi zake ni zipi. Ismaili akaanza kueleza bomba linavyotoka Madimba.

Dokta Rozalia akaweka kalamu mezani. "Samahani, baba. Mgonjwa ni nani?"

"Ni mke wangu."

"Ulimi wake nao umekufa ganzi?"

Ismaili akanyamaza, jambo ambalo Mwanaamina alilikumbuka baadaye kama sehemu nzuri kuliko zote za matibabu yake.

Daktari akamgonga kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo cha mkono, na umeme ukaruka mpaka kwenye kidole cha kati. Akamwambia akunje vifundo vyote viwili, migongo ya viganja igusane, vidole vitazame chini, akae hivyo. Haikupita dakika, ganzi ikaja mbio. Akakigusa kidole kidogo. Hicho kilikuwa kizima. Mwisho akailaza mikono yote miwili mezani, viganja juu, akaonyesha pale chini ya gumba. Mkono wa kushoto palikuwa na mnofu umetuna vizuri. Mkono wa kulia palikuwa pamebonyea, kama unga wa chapati uliokandamizwa kwa kisahani.

"Hapa kwenye kifundo," Dokta Rozalia akaeleza, "kuna njia nyembamba. Chini yake mifupa, juu yake utepe mgumu. Ndani unapita mshipa wa fahamu pamoja na kano zinazokunja vidole. Njia ikibana, mshipa unabanwa. Huo mshipa ndio unaolisha hisia kwenye vidole vyako hivi na nguvu kwenye gumba. Umebanwa muda mrefu, mama. Ungekuja mapema ningekupa kifaa cha kushikilia kifundo kikae sawa unapolala, pengine na sindano, tungeona. Sasa nyama ya gumba imeanza kusinyaa. Nashauri tuufungulie njia kwa upasuaji."

Akaziona chale, kisha ile alama ya mviringo iliyobaki kwenye ngozi.

"Hapa palifungwa na nini?"

Mwanaamina akamtazama mumewe. Ismaili akaitazama dari.

"Mpira wa baiskeli," Mwanaamina akasema.

"Mshipa uliobanwa, mkaubana tena?"

"Ilikuwa hatua ya awali," Ismaili akasema.

Alipimwa sukari, akapimwa na damu, maana kisukari na magonjwa ya tezi nayo huleta ganzi ya namna hiyo, na daktari hakutaka kukata kabla hajajua. Sukari ilikuwa sawa, tezi pia. Wakapangiwa siku.

Habari ilipofika mtaani, Rahaleo yote ikaja kutoa ushauri. Mmoja alimjua mtu wa Chikongola aliyekatwa mshipa, mkono ukanyauka kama muhogo mkavu. Mwingine alimjua yuleyule mtu, ila kwake alikuwa wa Mpapura na aliyekatwa ni mguu. Safina, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye mwenyewe alikuwa analalamika ganzi tangu msimu wa kubangua korosho, alisema yeye bora afe na mkono wake kamili. Watu wale wale walioona ni sawa mkono uchanjwe kwa wembe na mtu mwenye saa mbili mbovu, sasa waliogopa kisu cha hospitali.

Mwanaamina alirudi kwa daktari akiwa na hofu, akamwuliza wazi: "Dokta, wanasema mtanikata mshipa."

"Mshipa hatuugusi. Tunakata ule utepe ulio juu yake, ili upate nafasi. Hatari zipo, siwezi kukudanganya: kidonda kinaweza kutunga usaha, mkono unaweza kukakamaa usipouchezesha, na mara chache sana mshipa wenyewe unaweza kuumia. Lakini nataka uelewe na jambo jingine. Michomo inayokuamsha usiku itaondoka mapema, Mungu akipenda. Hisia kwenye ncha za vidole zitarudi polepole, miezi. Nguvu ya gumba, hiyo siwezi kukuahidi. Nyama iliyokwisha kusinyaa inaweza isirudi yote."

"Hata nikifuata masharti yote?"

"Hata ukifuata yote."

Mwanaamina akauliza kama atalazwa usingizi. Daktari akasema hapana, ni sindano ya ganzi mkononi tu, atakuwa macho, na atarudi nyumbani siku hiyohiyo. Akamkumbusha kuvua pete. Ismaili, aliyekuwa ameruhusiwa kukaa kwa sharti la kunyamaza, alitikisa kichwa kama mtu anayeidhinisha.

Siku yenyewe, pete iligoma kutoka mpaka ikapakwa sabuni. Mkono ukasafishwa kwa dawa ya rangi ya kahawia hadi kiwikoni, ukafungwa mkanda kwa juu kama ule wa kupimia presha, ukakazwa. Sindano ya ganzi ilichoma vibaya, vibaya kuliko alivyoambiwa, na Mwanaamina alimtaja kila nabii aliyemkumbuka. Baada ya hapo hakusikia maumivu ya kisu, alisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anayefungua mshono wa gunia. Kilichomsumbua ni ule mkanda wa juu. Palisimikwa kitambaa asione, na muuguzi, kijana wa miraba minne aitwaye Dickson, alipewa kazi ya kumzungumzisha.

"Mama, nasikia wewe ndiye mpishi mkubwa. Hata mimi napika pilau."

"Unapikaje?"

"Naweka mchele, maji, nyama, halafu nakoroga mpaka..."

"Unakoroga?"

"Ndiyo, mara kwa mara, isiungue."

"Huo ni uji wa nyama, mwanangu. Usiwaambie watu ni pilau."

"Mama, usitikisike," Dokta Rozalia akasema kutoka upande wa pili wa kitambaa.

"Dokta, umesikia anachofanya?"

"Nimesikia. Hata mimi nilikuwa nakoroga. Tulia, namalizia kushona."

Mwanaamina akafumba macho. Aliingia mle akiogopa kufa, na alitoka akiwa na wasiwasi kuhusu chakula cha wauguzi. Jambo lote halikuchukua muda wa nazi mbili kukunwa.

Masharti alipewa kwa mdomo, polepole, na akatakiwa ayarudie: mkono ukae juu kuliko moyo siku za mwanzo, kwenye mto au kwenye khanga iliyofungwa shingoni, vidole achezeshe tangu leo, afungue na kufumba, bendeji isilowe, asinyanyue kitu kizito, asikamue, asikande, asikune, asiweke chochote juu ya kidonda, nyuzi zitatolewa baada ya wiki mbili hivi, vikitokea homa, usaha, uvimbe unaozidi au vidole kubadilika rangi, arudi bila kungoja siku ya miadi.

"Asiweke chochote," daktari alirudia, akimtazama Ismaili. "Chochote maana yake ni chochote."

Michomo ya usiku ilikatika palepale. Mwanaamina alilala hadi adhana, akaamka akadhani amekufa kwa jinsi mkono ulivyotulia. Lakini nyumbani mwake kulikuwa na ugonjwa mwingine: wageni. Walikuja kumpa pole kwa makundi, wakaketi, wakamtazama mkono ukining'inia kwenye khanga, wakasema maskini, kisha wakasubiri chai. Wengine walisema pole huku wanachungulia jikoni.

"Hukupika hata vitumbua?" mmoja aliuliza.

"Nimepasuliwa mkono."

"Ndiyo, tumesikia. Lakini wa kushoto si mzima?"

Ismaili ndiye aliyepika siku hizo. Ugali wake ulikuwa na madonge ambayo aliyaita viunganishi. Alichemsha samaki bila kumtoa matumbo. Latifa, binti yao aliyeolewa Mikindani, alipokuja kuona hali alilia, na haikujulikana alimlilia mama au samaki. Kila mgeni alipokuja, Ismaili alikaa karibu na mkono wa mkewe, akaonyesha kwa kijiti: hapa njia ilibana, hapa tukafungua, presha ikashuka. "Tukafungua," alisema, kana kwamba alikuwa nyuma ya kitambaa na daktari.

Na ingekuwa hivyo tu, wangevuka salama. Ila Zainabu alirudi. Safari hii alikuja na kichupa cha mafuta ya papa yaliyochanganywa na majivu ya kitu ambacho hakukitaja.

"Wifi, kidonda cha hospitali hakikauki," akasema. "Kinafunikwa tu juu. Haya yanakausha kutoka ndani."

"Daktari amesema nisiweke kitu."

"Daktari anakujua? Mimi nimekupokea ukiwa mwali. Nani kati yetu anakutakia heri?"

Mwanaamina akamtazama mumewe, akitafuta msaada. Injinia akafikiri.

"Kitaalamu," akasema, "kilainishi hakijawahi kuharibu bomba."

Mwanaamina alikuwa mwanamke aliyeweza kumtoa jikoni mwenye harusi mwenyewe. Lakini wifi ni wifi, na ukiwa umekaa na mkono mmoja juu, watu wawili wanakutazama kama mtoto anayekataa dawa, ukakamavu unaisha. Akafungua bendeji. Zainabu akapaka, akasoma aliyoyasoma, akafunga.

Baada ya siku mbili kiganja kilikuwa chekundu na cha moto, nyuzi zimezama kwenye uvimbe, na harufu ya papa imebadilika kuwa harufu nyingine. Homa ikapanda. Zainabu alipoitwa kuona, alisema huo ndio uchafu unatoka, tena yeye ana dharura Mikindani, akafunga khanga akaondoka. Mwanaamina akarudi hospitali akiwa anatetemeka.

Dokta Rozalia alifungua bendeji, akanusa, akafumba macho.

"Hiki ni nini?"

"Mafuta ya papa."

"Nilisemaje?"

"Ulisema chochote maana yake ni chochote."

"Nani alipaka?"

Mwanaamina alitaka kusema wifi yangu. Akataka kusema mume wangu ndiye aliyeidhinisha. Badala yake akasema, "Mkono ni wangu, dokta. Nilifungua mimi."

Daktari hakumgombeza tena. Akatoa nyuzi mbili, akakamua usaha, akaosha, na safari hii ganzi haikusaidia sana; Mwanaamina aliuma ukingo wa khanga mpaka ukatoboka. Akapewa sindano na vidonge, akawa anarudi kusafishwa kila kukicha. Kidonda kilichopaswa kufunga mapema kikachukua mwezi na zaidi, kikaacha kovu nene kama kamba. Kwa muda mrefu, akikandamiza kiganja kwenye meza, maumivu yalimpanda pande mbili za kovu. Daktari alimwambia hayo huwapata hata wasiopaka papa, ila yeye amejiongezea.

Zainabu alipokuja tena, kidonda kikiwa kimepona, alibisha hodi kwa furaha. "Unaona wifi? Mafuta yangu yamefanya kazi."

Mwanaamina alikuwa anakunja na kukunjua vidole, kama alivyofundishwa. Hakusimama.

"Karibu, wifi. Kaa. Nazi ile pale na mbuzi ile pale. Leo unakuna wewe."

"Mimi? Mimi mgeni!"

"Mgeni ni yule aliyenipaka akaondoka. Wewe ni ndugu. Kuna."

Zainabu akaguna, akaangalia huku na huku, akamwona mdogo wake Ismaili ameinamia unga, mikono imezama hadi viwikoni, anakanda. Akakalia mbuzi. Nazi ilikuwa ngumu, na Mwanaamina hakuwa na haraka. Alipotokwa na jasho, Zainabu aliuliza kama imetosha. Mwanaamina akasema bado moja.

Tangu hapo ndivyo shughuli zilivyokwenda. Vidole vilirudi, kimoja baada ya kingine. Cha shahada ndicho kilichochelewa, na siku alipokisikia kwenye tahiyatu alitokwa na machozi katikati ya swala. Gumba halikurudi lote. Chupa hafungui, sufuria kubwa hanyanyui, na pale palipobonyea pamebaki pamebonyea. Sasa hukaa kwenye kiti katikati ya masufuria, anaonja, anaamuru, na wasichana wake wamejifunza kukanda kwa kuwa hakuna njia nyingine. Wanaosema ladha imepungua hawakuwahi kumwambia usoni. Nusu ya harusi zilirudi. Nusu hazikurudi.

Kitu kimoja tu kilimkera. Safina wa ukuta kwa ukuta bado alikuwa anakung'uta mkono kila asubuhi. Mwanaamina alimwambia aende hospitali mapema, kabla nyama ya gumba haijasinyaa, akamwonyesha na kiganja chake. Safina akasema ataona. Akamwambia tena walipokutana dukani, akasema ataona. Kisha siku moja Safina akapita akiwa amevaa kifaa cha kitambaa kwenye kifundo cha mkono, uso umechangamka.

"Hee, umekwenda?"

"Nimekwenda! Daktari anasema nimewahi, huenda hata nisipasuliwe. Namshukuru sana shemeji Ismaili. Alinikalisha akanieleza presha yote. Mtu ukielezwa na mtaalamu unaelewa."

Mwanaamina alibaki amesimama mlangoni. Aliutazama mkono wake wenye kovu, ule uliochanjwa, ukafyonzwa, ukafungwa mpira, ukakatwa, ukapakwa papa. Mtaa mzima haukuwahi kuuliza mkono huo unajua nini. Ulimwuliza mtu aliyeshika bendera.

Alikasirika kwa siku nzima. Kesho yake, wakati wa chai, alikuwa ameshamaliza kukasirika na ameanza kufikiri. Akammiminia mumewe kikombe.

"Baba Latifa, nakumbuka ulivyosema juzi. Kwamba mtu aliyepasuliwa asipake kitu kwenye kidonda, hata akiambiwa na dada yake."

Ismaili akasita, andazi mkononi. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Na kwamba mwenye ganzi asifungwe mpira, aende akapimwe, na sukari apimwe."

Injinia akatafuna polepole, akitafuta ndani ya kichwa chake mahali alipoyaweka maneno hayo.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Nilisema."

Akavaa koti lake la chungwa, akatoka kwenda barazani kuwaambia watu.